Nembo tano za wafadhili, prufu imejaa kasoro: nirekebishe nini kabla ya pleti?

Kurasa24

Habari za jioni wadau. Nina broshua ya A4, kurasa 24, nakala 2,000, inachapwa kwa ofseti huku Industrial Area. Ndani ni karatasi ya kung'aa ya gramu 150, jalada ni gramu 300 na laminesheni ya mati. Kurasa nimezipanga kwa InDesign kwenye Windows, nikatoa PDF/X-1a (PDF ya kiwango cha uchapaji) kwa setingi zilizokuja na programu. Jalada la nyuma lina mkanda wa kijani kilichokolea, na nembo za wafadhili zimekaa juu ya mkanda huo. Kila mfadhili alituma nembo kwa njia yake. Hali ni hii:

Nembo A ni faili ya Illustrator, maandishi meupe na nyota nyeupe. Kwenye skrini nyota naiona. Kwenye prufu (nakala ya majaribio) haipo, ni kijani kitupu. Maandishi yapo.

Nembo B ni PDF yenye kivuli laini chini yake. Prufu ina mraba kuizunguka, na kijani cha ndani ya mraba kimefifia kidogo kuliko mkanda. Kwenye skrini hakuna mraba.

Nembo C niliitoa kwenye tovuti yao ikiwa SVG. Imetumika pia ukurasa wa 2 juu ya karatasi nyeupe, na chini yake kuna kaulimbiu nyeusi ya pointi 7. Prufu ni safi kabisa. Lakini ninacho kipeperushi chao cha mwaka jana kilichochapwa kwa faili hiyohiyo, na herufi zake zina ukungu: upande mmoja wekundu, upande wa pili samawati.

Nembo D ni EPS ya zamani iliyotoka CorelDRAW. Nilipoifungua kwa Illustrator, kaulimbiu ikabadilika fonti.

Nembo E ni PNG ya WhatsApp, upana pikseli 480. Kwenye ukurasa inatakiwa iwe na upana wa milimita 80.

Juu ya hayo yote, fundi wa pleti anasema faili yangu inatoa pleti sita (bamba moja la kuchapia kwa kila wino), na kazi imelipiwa nne. Pleti zinatoka kesho kutwa asubuhi. Nianzie wapi?

PletiNne

Anza na hizo pleti sita, maana ukishajifunza kuangalia pleti moja moja, mengi ya hayo mengine utayaona mwenyewe.

InDesign katika mwonekano wa kawaida hukupa picha ya ukurasa tu. Bonyeza Shift+F6, kwenye kidirisha kitakachofunguka chagua Separations. Utapata orodha ya wino: C, M, Y, K (samawati, majenta, njano na nyeusi), kisha majina mawili ya ziada, nadhani yataanza na neno PANTONE (wino maalumu uliochanganywa tayari). Zima jicho la C, M, Y na K. Chochote kitakachobaki ukurasani ndicho kinacholeta pleti ya tano na ya sita. Nikikisia, mmoja ni mkanda wako wa kijani na wa pili umeingia na nembo D, kwa sababu EPS za zamani zilipenda sana rangi za Pantone.

Mkanda ni wako, kwa hiyo ni rahisi: bofya mara mbili rangi hiyo kwenye paneli ya Swatches, uibadilishe kutoka Spot (wino wa peke yake) iwe Process (mchanganyiko wa zile nne), na hali iwe CMYK. Asilimia usizikubali hivihivi. Zitafute kwenye kitabu cha Pantone Color Bridge, ambacho huweka wino halisi na mfanano wake wa rangi nne bega kwa bega. Ukiangalia hapo utajua mapema kama mteja ataridhika. Kijani kilichokolea kwa kawaida huvumilika. Rangi ya chungwa kali na samawati ya kung'aa ndizo huaibika zikigeuzwa rangi nne.

Rangi iliyoingia na nembo hutaweza kuifuta kwenye Swatches maadamu nembo bado iko ukurasani. Hiyo igeuze kwa Ink Manager, iko kwenye menyu ya kidirisha hichohicho cha Separations. Bofya alama iliyo kushoto mwa jina la wino mpaka igeuke kuwa ya rangi nne. Hapo chini kuna kisanduku cha Use Standard Lab Values for Spots. Kikiwa na tiki, programu inapiga hesabu upya kutoka Lab (namba za rangi zisizotegemea mashine) na kukupa asilimia tofauti na zilizoandikwa kwenye faili. Ukitaka zile za faili, toa tiki.

Na ukiona majina kama PANTONE 485 C na PANTONE 485 CVC katika faili moja, huo ni wino mmoja. CVC ni mkia wa majina ya zamani. Kompyuta haijui hilo: jina likipishana herufi moja, ni pleti nyingine, na pleti ni pesa.

Nembo A. Nyota imewekewa ovaprinti, yaani wino wake uchapwe juu ya kilicho chini bila kukitoboa. Ovaprinti ina faida kwa nyeusi. Kwa nyeupe ni sumu. Nyeupe kwenye ofseti si wino, ni karatasi iliyoachwa wazi. Kijani kisipotobolewa, hakuna karatasi ya kuonekana. Mara nyingi hutokea hivi: nembo ya awali ilikuwa nyeusi na nyota ina ovaprinti, halafu mtu akabadilisha rangi tu kupata toleo jeupe, ovaprinti ikabaki. Fungua faili kwa Illustrator, chagua nyota, Ctrl+F11, toa tiki kwenye Overprint Fill na pia kwenye ile ya mstari kama ipo. Hifadhi, rudi InDesign usasishe kiungo kwenye paneli ya Links. Iangalie ukiwa na Separations imewashwa: nyota ikionekana hapo imepona kweli, kwa sababu kidirisha hicho huwasha pia mwonekano wa ovaprinti, na mwonekano wa kawaida hauuwashi. Hiyo ndiyo sababu hukugundua mapema: skrini ya kawaida, kivinjari na simu karibu zote hupuuza ovaprinti na kuchora nyota kana kwamba iko. Mteja asiidhinishe PDF ya kuchapwa kwa kuitazama kwenye simu.

Nembo C. SVG haijui CMYK, rangi zake ni za skrini. Nyeusi yake ni RGB 0, 0, 0, na ikipitishwa kwenye profaili (jedwali la kugeuza rangi) ya SWOP ambayo Adobe huja nayo, inatoka C75 M68 Y67 K90. Jumlisha: asilimia 300 za wino kwa herufi za pointi 7! Prufu ni safi kwa sababu printa ya dijitali inashikilia rangi zake zote mahali pamoja. Kwenye ofseti karatasi inapita chini ya mitungi minne, na kila mtungi una nafasi ya kukosea kidogo. Pointi 7 ni takriban milimita 2.5, na mguu wa herufi ya kawaida ya ukubwa huo una unene wa kama milimita 0.2. Pleti ya majenta ikisogea milimita 0.1 tu, tayari nusu ya mguu imetoka nje. Huo ndio wekundu unaouona.

Kwa hiyo SVG usiiweke moja kwa moja, hata kama InDesign inaikubali tangu toleo la 2020. Ifungue Illustrator, badilisha Document Color Mode iwe CMYK, chagua kipande kimoja cheusi, nenda Select, Same, Fill Color, ili vyote vyeusi vishikwe pamoja, kisha andika C0 M0 Y0 K100 kwa mkono. Kubadilisha hali ya rangi peke yake hakusaidii. Kunakuachia ileile supu ya rangi nne. Rangi nyingine nazo zitakuwa na desimali za ajabu kama 87.43, zizungushe. Hifadhi kama AI na uache tiki kwenye Create PDF Compatible File. Ukiitoa, InDesign itaweka mahali pa nembo ukurasa wenye maandishi kwamba faili ilihifadhiwa bila PDF, na kuna kazi zimeshachapwa na maandishi hayo yakiwamo.

MistariSafi

Niongeze D na E.

Kwa D, umeifungua kwa nini? EPS nyingi hubeba fonti yake ndani. Ukiiweka InDesign kwa Ctrl+D bila kuifungua, fonti iliyobebwa ndiyo itakayotumika na kaulimbiu itatoka sahihi. Illustrator inapoifungua kwa kuhariri inatafuta fonti kwenye kompyuta yako, haiioni, inaweka nyingine. Na kama ni Type 1, usihangaike kuitafuta fonti hiyo, Adobe iliacha kuzitambua Januari 2023 kwenye programu zake. Kuziweka ukurasani zikiwa ndani ya EPS au PDF bado kunafanya kazi. Kuhariri ndiko hakuna.

Kama hata ukiiweka bila kuifungua bado fonti si yenyewe, basi haikubebwa. Mwambie aliye na faili ya CorelDRAW achague maandishi yote, abonyeze Ctrl+Q ili yawe mistari, atoe PDF. Ni kazi ya dakika mbili kwake. Wewe kukisia fonti ni kazi ya usiku kucha, na bado utakosea nafasi kati ya herufi.

E sasa. Pikseli 480 kwa milimita 80 ni kama 152 kwa inchi. Picha ya mtu ingeomba 300. Nembo yenye kingo kali inaomba 1,200, maana yake pikseli 3,780 hivi. Kuikuza kwenye Photoshop hakuongezi kitu, ukungu unakuwa mkubwa tu.

Kabla ya kuichora upya, tafuta ripoti yao ya mwaka au broshua yoyote ya PDF kwenye tovuti yao. Fungua kwa Acrobat, kuza nembo mpaka 6,400%. Kingo zikibaki kali kama wembe, ni vekta, yaani mchoro wa mistari na si pikseli. Fungua ukurasa huo kwa Illustrator au Inkscape, ukate nembo utoke nayo. Ndani ya Illustrator thibitisha kwa Ctrl+Y: vekta inaonyesha mistari ya maumbo, picha inaonyesha mstatili mtupu. Jaribu hilo hata kwa faili zinazoitwa EPS au AI. Wapo watu wanaobandika JPEG ndani ya Illustrator, wanahifadhi kama EPS, halafu wanakuapia ni vekta.

Usipopata, ichore kwa kalamu. Image Trace juu ya PNG ya pikseli 480 inakula pembe, duara linakuwa kiazi, na mstari mmoja ulionyooka unapata nukta arobaini. Duara lichore kwa zana ya duara, maandishi yaandike kwa fonti yake kisha uyageuze mistari kwa Ctrl+Shift+O. Ukilazimika kutumia Image Trace, weka tiki ya kupuuza rangi nyeupe, la sivyo nembo itakuja na bamba jeupe nyuma yake na utaligundua ikiwa juu ya mkanda wa kijani.

Gilotini

Huo mraba wa B ni kitu cha kawaida sana. Ukiweka PDF InDesign, shikilia Shift unapobofya Open, utaletewa dirisha la uingizaji. Kuna tiki ya Transparent Background. Isipokuwapo, PDF inakuja na karatasi yake. Pia hapo chagua Crop to Art au Bounding Box ili usibebe ukurasa mzima wa A4 usioonekana unaozuia kila kitu unachobofya.

Halafu baki na X-1a. Kila mtu hapa mjini anaipokea, haina uwazi (kama wa kivuli laini), haina RGB, haina mjadala na fundi.

PletiNne

Gilotini, tiki hiyo ni kweli ni chanzo cha miraba mingi, ila si huu. Soma alivyoandika: skrini haina mraba, na mraba wa prufu si mweupe, ni kijani kilichofifia. Karatasi ya PDF ingekuwa nyeupe na angeiona akiwa bado anapanga ukurasa.

Hapa mhusika ni hiyo X-1a yenyewe. Haikubali uwazi, kwa hiyo kivuli lazima kipondwe: programu inachukua kivuli na kipande cha mkanda kilicho chini yake, inavigeuza pikseli. Sasa mkanda mmoja una sehemu mbili, vekta na picha. Kwa kuwa kijani kilikuwa Pantone, printa ya prufu huenda inatafuta jina la vekta kwenye jedwali lake la rangi, lakini kile kipande cha picha kinapita njia nyingine ya CMYK. Njia mbili, kijani viwili, na mpaka kati yake ni mraba. Kwenye pleti mraba unaweza usionekane kabisa. Lakini mteja aliyeuona kwenye prufu hatasaini kwa neno langu wala lako.

Kurasa24, ukishageuza mkanda kuwa CMYK sababu moja imeondoka. Sababu ya pili inaondoka ukitoa PDF/X-4, ambayo inaacha uwazi ukiwa hai, na kompyuta ya pleti ndiyo inayoupika mwishoni kwa mkupuo mmoja. Kabla hujafanya hivyo, muulize fundi swali moja: mfumo wake wa kutoa pleti unatumia Adobe PDF Print Engine? Injini hiyo ipo tangu 2006. Akisema ndiyo, tuma X-4. Akisema hajui, mwombe aipitishe jalada moja la X-4 na akutumie picha ya kila pleti. Akisema hapana, rudi X-1a, lakini kivuli cha B kiondoe. Nembo ya mfadhili juu ya mkanda uliokoza haikihitaji, na wengi wenye nembo wanalo toleo lisilo na kivuli wakiulizwa.

Hakikisha pia Edit, Transparency Blend Space iko kwenye Document CMYK. Hati iliyoanzishwa kwa ajili ya skrini hukaa kwenye RGB, na hapo kila ukurasa wenye kivuli hubadilika rangi kidogo, pamoja na nyeusi ya maandishi kuwa ya rangi nne.

Kurasa24

Asanteni sana. Nimekaa nayo tangu asubuhi, ripoti ni hii.

Pleti: PletiNne alikuwa sawa. Kijani cha mkanda kilikuwa Spot na nyekundu ilitoka D kwa jina PANTONE 485 CVC. Kitabu kinasema C0 M95 Y100 K0 na ndiyo iliyokuwa ndani ya faili. Sasa zimebaki nne.

Nyota imerudi. C ni K100 tupu. Nikizima pleti ya K kaulimbiu yote inatoweka, haibaki hata chembe kwenye C, M wala Y. B nimeiacha na kivuli, fundi anasema X-4 anapokea. E nimeipata ndani ya ripoti yao ya PDF, vekta kamili.

D niliiweka bila kuifungua, fonti ni sahihi. Lakini sasa nimeona jambo jingine: nembo hiyo ina pete tatu za mistari myembamba, moja ni kijivu cha K30 (nyeusi asilimia 30). Faili ina upana wa milimita 110, mimi nimeishusha mpaka 22. Mistari ilikuwa pointi 1. Itashika?

Na la mwisho: mwenzangu ananiambia nigeuze maandishi yote ya kurasa 24 kuwa mistari ili fonti zisilete shida tena. Ni sawa?

MistariSafi

Haitashika. Milimita 110 kwenda 22 ni moja ya tano, na InDesign inashusha kila kitu pamoja, kwa hiyo pointi 1 imekuwa pointi 0.2, yaani milimita 0.07. Chini ya pointi 0.25 usishuke kwa mstari wa wino mmoja uliojaa. Mstari mweupe uliotobolewa ndani ya rangi nyingi uupe pointi 0.5 au zaidi, kwa sababu wino hutanuka kwenye karatasi na kuuziba kutoka pande zote mbili.

Pete ya K30 ndiyo mbaya zaidi. Kijivu hicho hakipo, ni nukta nyeusi zilizoachana. Kwa mpangilio wa nukta wa mistari 175 kwa inchi, umbali wa nukta hadi nukta ni milimita 0.145. Mstari wako ni nusu ya umbali huo. Hautatoka mstari wa kijivu, utatoka mkufu wa nukta zilizokatikakatika, tena zenye mpangilio tofauti kila pete inapopinda. Ifanye K100 kwa pointi 0.25, jicho litaisoma kama kijivu kwa wembamba wake. Au uliza kama wana toleo dogo la nembo bila pete. Mashirika mengi yenye mwongozo wa nembo yanalo.

Kwa hili itabidi uifungue kweli, kwa hiyo sasa ile PDF ya Ctrl+Q kutoka kwa mwenye CorelDRAW unaihitaji. Mwambie mistari nayo aigeuze maumbo kwa Ctrl+Shift+Q baada ya kuinenepesha. Kwenye Illustrator ni Object, Path, Outline Stroke. Ikishakuwa maumbo, hakuna tena mtu wa kuikuza nembo huku tiki ya Scale Strokes & Effects imezimwa, mstari ukabaki mwembamba wakati kila kitu kingine kimekua.

Maandishi ya kurasa 24 usiyaguse. PDF/X inalazimisha fonti zibebwe ndani, ndiyo moja ya sababu za kuwapo kwake. Ukiyageuza mistari, herufi ndogo zinanenepa kidogo kwenye printa za prufu, faili inavimba, na saa tano usiku mteja akitaka namba ya simu ibadilishwe utalia. Mistari ni ya nembo peke yake.

Gilotini

Nakubali kuhusu X-4, nilisoma haraka.

Kwenye kutoa PDF angalia vitu vitatu ambavyo watu huviacha jinsi vilivyo. Alama za kukatia kwa kawaida huwa umbali wa milimita 2.117 kutoka ukingo, na blidi yako (rangi inayozidi ukingo wa kukatwa) bila shaka ni 3. Alama zitaingia ndani ya blidi karibu milimita moja, na kisu kikiyumba kidogo utaona mstari mweusi kwenye kona ya jalada. Andika 3. Pili, weka tiki ya Use Document Bleed Settings, vinginevyo blidi uliyoichora inabaki kwenye kompyuta yako. Tatu, kwenye Output chagua Convert to Destination ile yenye maneno Preserve Numbers. Picha za RGB zitageuzwa, ila K100 uliyoihangaikia kwenye nembo C itaachwa kama ilivyo. Ile isiyo na maneno hayo inaweza kuipika upya iwe rangi nne, na umerudi kule kwenye ukungu.

Destination (profaili ya rangi ya mashine) muulize fundi. Asipokuwa na profaili yake, Coated FOGRA39 inafaa kwa karatasi ya kung'aa.

Na nembo ziwe ndani milimita 5 kutoka kwenye ukingo wa kukatwa. Mashine ya kukata ikipewa rundo refu, karatasi za juu na za chini hazikatiki mahali pamoja kabisa.

Kurasa24

Swali dogo tu. Kwenye jalada la mbele kuna pembetatu kubwa nyeusi nyuma ya nembo yetu, karibu robo ya ukurasa. Ni K100. Kwenye prufu inaonekana kama mkaa, si nyeusi.

PletiNne

K100 peke yake kwenye eneo kubwa hutoka hivyo, na mati itaififisha zaidi. Hapo ndipo nyeusi ya rangi nne ina kazi: C60 M40 Y40 K100, jumla 240, inakauka vizuri kwenye gramu 300. Tengeneza rangi mpya kwa jina lake, usiitumie kwa maandishi. Usije ukatumia ile iitwayo Registration kwa sababu inaonekana nyeusi kuliko zote. Ni asilimia 400, haikauki, na itajichapa mgongoni mwa karatasi inayolala juu yake.

Nembo nyeupe iliyo ndani ya pembetatu, kama ina maandishi ya chini ya pointi 8, ipe herufi nene. Pleti nne zikipishana, nyembamba zitajaa samawati.

Ukimaliza fungua PDF kwa Acrobat Pro, Output Preview, weka Total Area Coverage (jumla ya wino mahali pamoja) iwe 300 uone kama kuna mahali panawaka. Kisha zima pleti moja moja, jalada la nyuma kwanza. Faili itume kama dokumenti au kiungo, na mwombe fundi akutumie picha ya pleti ya K ya ukurasa wa 2 kabla hajachoma.

Kurasa24

Imeenda. Panapowaka ni picha moja ya ukurasa wa 17, asilimia 318 kwenye nywele tu. Fundi anasema mashine yake inavumilia 320. K ya ukurasa wa 2 ameituma, kaulimbiu yote imo.